Kanda Tulizotumiana, Kitui na Emali

Mliponiaga pale ukumbini nilipostaafu, walimu wenzangu, mlinipa blanketi na saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Nashukuru. Saa nimeitundika. Lakini zaidi ya zawadi nilipenda swali ambalo mmoja wenu aliniuliza tukinywa chai: "Mzee, zile kanda za video zilizojaa kabatini mlizitumia kufundishia nini?" Siku hiyo sikumjibu vizuri kwa sababu watu walikuwa wengi na mandazi yalikuwa yanaisha. Acha nijibu sasa, nikiwa nyumbani, na nitaanza mbali kidogo.

Nilikuja katika chuo chetu cha ufundi cha viziwi hapa Kitui mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa seremala mwenye cheti na mikono mizuri, lakini sikujua ishara hata moja. Nilikuwa nimefundisha vijana wanaosikia, nikadhani kazi ni ile ile, ila hapa kutakuwa na utulivu. (Karakana ya viziwi ina kelele kuliko soko la Mwingi. Hakuna anayejisikia akipiga nyundo.) Siku ya kwanza niliwapa wanafunzi kisogo, nikachora kiungo cha mguu wa meza ubaoni huku nikieleza kwa sauti kubwa. Nilieleza vizuri sana. Nilipogeuka, nusu ya darasa walikuwa wanatazama kunguru dirishani, na nusu nyingine walikuwa wananitazama mimi kwa huruma.

Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Syombua, msimamizi wa masomo.

"Kilonzo," akaniambia, "ulikuwa unaongea na ubao?"

"Nilikuwa naeleza kiungo, Mwalimu."

"Na ubao umeelewa?"

Ndivyo tulivyojuana. Syombua alizaliwa na mama kiziwi, kwa hivyo alijua kuongea kwa mikono kabla ya kujua Kikamba, sembuse Kiswahili. Angeweza kukugombeza kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika hindi la kuchoma. Mwaka wote ule, masomo yakiisha, alinikalisha kwenye benchi nje ya karakana akanifundisha. Hakuwa na haraka, lakini pia hakuwa na huruma. Nikikosea ishara, alifanya kile nilichokisema. Siku moja nilitaka kumwomba maji, akaenda akaniletea mbuzi.

Mengi ninayoyajua ya kufundisha yalitoka kwenye benchi lile. Simama mahali ambapo mwanga unakupiga usoni, usiuache mgongoni. Usieleze na kuonyesha kwa wakati mmoja, kwa sababu anayeangalia patasi yako haangalii maneno yako. Na mtu aliyeshika patasi amefungwa mdomo. Kwa hivyo weka chini, sema, okota, onyesha, weka chini tena. Ndiyo sababu somo letu moja huchukua muda wa masomo mawili ya chuo kingine. Wakaguzi walikuwa wanaliandika hilo kama kasoro. Mimi niliwaacha waandike.

Wanafunzi wenyewe walinipa jina, penseli nyuma ya sikio, na hilo ndilo jina langu mpaka leo. Hata sokoni nikiona kijana kwa mbali anagusa nyuma ya sikio lake, najua ni wetu.

Shida kubwa ya miaka ile ilikuwa maneno. Vijana walitoka kila upande, Zombe, Mutomo, Mwingi, na kila mmoja alikuja na ishara za kwao. Wengine walikuwa wamesoma shule ambazo ishara zilikatazwa, wakaja wameficha mikono chini ya dawati kama watu walioiba. Wengine hawakuwa wamesoma popote. Randa ilikuwa na ishara nyingi kuliko wanafunzi. Tulitengeneza zetu, tukakubaliana, mambo yakaenda. Kisha mtihani wa ufundi wa serikali ukaanza kufanyiwa mahali pamoja kwa chuo chetu na chuo cha wenzetu upande wa Makueni, karibu na Emali, na mkalimani akawa mmoja. Tukagundua kwamba wanafunzi wetu na wale hawaelewani. Mkalimani aliuliza kuhusu gundi kwa ishara ya Emali, ambayo kwetu ni ndoa, wa kwetu wakadhani anauliza kama wameoa. Mmoja alijibu kwa heshima kwamba bado anatafuta. Akanyimwa alama.

Hapo ndipo kamera inapoingia.

Ililetwa karibu na mwisho wa miaka ya themanini na wageni wa kanisa kutoka ng'ambo. Ilikuwa kubwa, unaibeba begani kama gogo. Walipiga picha za watoto na mabweni, na walipoondoka wakatuachia pamoja na televisheni na mashine ya kuchezea kanda. Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa mtu mwangalifu. Aliifungia kabatini na kuifunika kitambaa cha meza. Kanda ya kwanza tuliyorekodi ilikuwa salamu zake yeye mwenyewe kwa wanafunzi. Aliyepiga picha aliogopa kumkata kichwa, kwa hivyo akapiga kichwa peke yake, bila mikono. Wanafunzi walikaa wakatazama mdomo wa mkuu ukifunguka na kufungwa mpaka mwisho. Walipiga makofi kwa adabu.

Syombua alinivuta kando. "Umeona? Kile kitu kinaweza kubeba mikono. Barua haiwezi. Simu haiwezi. Kile kinaweza."

"Mkuu hatakubali kitoke kabatini."

"Mkuu mwachie mimi."

Sijui alimwambia nini. Najua tu kwamba wiki iliyofuata nilikabidhiwa ufunguo wa kabati, na onyo kuhusu vumbi.

Tulirekodi kanda ya kwanza ya kweli karakanani. Tulitundika shuka jeusi ukutani, tukafungua madirisha yote, na kila mwanafunzi akasimama akaonyesha kifaa kimoja na ishara yake. Nilijifunza hapo mambo ambayo bado ni ya kweli hata kama kamera zenu sasa ni ndogo kama sabuni. Piga picha kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, na uache nafasi pande zote mbili, maana mikono ya mtu mwenye hasira huenda mbali. Nguo isiwe na maua. Mwanga utoke mbele. Na wewe mwalimu ukiwa nyuma ya kamera, usitikise kichwa, kwa sababu ataacha kuongea na wenzake aanze kukutafuta wewe.

Kanda niliitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaufunga kwa mpira, nikampa makanga wa basi aikabidhi Emali kwa Mwalimu Mbithi, mwenzangu wa useremala kule. Mbithi alikuwa mwanajeshi zamani na aliongea kama bado analipwa kwa kufoka. Kwao umeme ulikuwa wa jenereta, na dizeli ilikuwa ya shida, kwa hivyo walitazama kanda yetu wote pamoja, walimu, wanafunzi na mpishi. Kisha wakarekodi majibu kwenye nafasi iliyobaki, wakarudisha.

Laiti mngeona darasa langu siku hiyo! Vijana ambao nilikuwa nawavuta kama punda kisimani walikimbia kukaa mbele ya televisheni. Kule kwenye kioo alitokea kijana wa Emali, akarudia ishara yetu ya gundi, viganja viwili vilivyobanana vikikataa kuachana, ambayo kwao ndiyo ndoa, akauliza kwa uso mzito, "Kwa nini ninyi watu wa Kitui mnapaka ubao ndoa?" Karakana iliangua kicheko. Kisha wakakasirika. Kisha wakataka kamera, hapo hapo, wajibu.

Tulibishana na Emali kuhusu gundi kwa muhula mzima. Mkebe ulienda na kurudi. Kuhusu randa walitushinda. Kuhusu msumeno tuliwashinda. Kuhusu gundi hatukuafikiana mpaka msichana mmoja wa kule, Mwende, mwanafunzi wa ushonaji ambaye hakuwa hata na haja ya gundi, alipochoka akapendekeza ishara ya tatu, kidole kinachonata kwenye kidole gumba. Wote wakakubali, nadhani kwa sababu ya uchovu. Hiyo ndiyo mnayotumia leo.

Siku hizi nasikia mnafundishwa vyuoni kwamba mwanafunzi ashirikishwe. Sisi hatukuwa na neno hilo. Tulichogundua ni kwamba kanda inayoeleza tu hurudi kimya, na kanda inayomaliza kwa swali hurudi imejaa. Basi tukaweka sheria, kila kanda iishe kwa swali. Kwanza maswali yalikuwa ya mbao na vitambaa. Baadaye vijana walianza kuulizana mambo yao. Mbithi alilalamika kwamba tunapoteza dizeli kwa udaku. Syombua alimjibu kwenye kanda, kwa mikono, polepole ili aelewe: "Mwalimu Mbithi, wewe uliponyamazishwa mara ya mwisho ilikuwa lini?" Mbithi hakulalamika tena. Mimi sikumaliza kucheka mpaka Jumapili.

Sasa nifike kwa Kimanzi, ambaye ndiye sababu hasa ya mimi kuandika haya.

Kimanzi aliletwa na mama yake kutoka Zombe akiwa kijana mkubwa, ndevu zinaanza. Alikuwa hajawahi kusoma. Ishara alizokuwa nazo ni zile za nyumbani, za kula, kulala, ng'ombe, mvua. Mikono yake ilikuwa mizuri kwenye mbao, lakini darasani alikaa pembeni. Mwenzake akimsemesha aliinamisha macho. Na alikuwa na tabia moja iliyotutesa. Ijumaa alasiri alitoroka. Tulimpata kila mara mahali pale pale, steji ya mabasi mjini, amesimama mahali yanaposhusha watu wa Mombasa, anatazama nyuso. Alikuwa haibi wala haombi. Tulimwuliza kwa ishara zote tulizojua, akatutazama tu. Mkuu alimwonya, akamwonya tena, mwishowe akasema kijana akigongwa na gari ni yeye atakayejibu. Akatuma habari kwa mama aje amchukue muhula ukiisha.

Katika miezi hiyo niligundua kwamba Kimanzi alikuwa anabaki kwenye chumba cha televisheni wenzake wakienda kucheza mpira. Niliingia nikamkuta ameshika kile kitufe cha kurudisha nyuma. Anatazama Mwende akisema neno, anarudisha, anatazama tena, anaiga kwa mikono yake mwenyewe, anarudisha. Nilisimama mlangoni bila yeye kuniona. Nikaelewa jambo ambalo lilipaswa kunijia mapema. Mtu mzima anaona aibu kumwomba mwenzake arudie neno dogo mara kumi. Mashine haimtazami vibaya. Kuanzia siku hiyo nilimwachia ufunguo wa chumba.

Ishara zikaanza kumtoka, kwanza moja moja, kisha kwa mafungu. Halafu ikaja kanda kutoka Emali, na Mwende akamaliza kwa swali lake: "Baba yako anafanya kazi gani? Kila mtu ajibu." Vijana wetu wakajipanga mbele ya shuka jeusi. Mkulima. Mchungaji wa kanisa. Mchongaji wa vinyago. Foleni ilipoisha, Kimanzi akasimama. Hakuna aliyekuwa amemwita. Nikawasha kamera.

Alipitisha kidole kwenye nyusi yake ya kulia, kama anayechora kovu. Hilo lilikuwa jina la baba yake. Kisha akasimulia, nusu kwa ishara alizojifunza kwa Mwende na nusu kwa kuigiza. Baba anapanda basi, anaenda mbali, kwenye maji makubwa. Anarudi na basi. Mkate, sukari, ananiinua juu. Anaenda, anarudi. Bibi, na hapo akaigiza mtu wa mkongojo, bibi ni mgonjwa. Mimi napelekwa kwa shangazi. Narudi nyumbani. Bibi hayupo, kuna kaburi. Baba hayupo. Basi linakuja, baba hayumo. Basi, hayumo. Basi, hayumo.

Kisha akagusa sikio lake, akafanya kama anang'oa kitu na kukitupa mbali. Akajionyesha mwenyewe kifuani. Ishara hiyo haikuhitaji mkalimani. Alichoka na mimi kwa sababu ya masikio yangu. Ndiyo maana harudi.

Sikuweza kuzima kamera. Kwenye kanda ile baada ya maneno yake kuna shuka jeusi peke yake kwa muda mrefu. Ni mimi, nyuma ya kamera.

Nilimwonyesha Syombua. Aliitazama mara moja, akaitoa kwenye mashine akaiweka ndani ya mkoba wake. "Mama yake anakuja Ijumaa kumchukua," akasema. "Aione kwanza."

Mama Kimanzi alifika amevaa leso mpya na viatu alivyovivalia langoni. Alijua ameitwa kwa sababu mbaya. Alianza kuomba msamaha kabla hajakaa.

"Walimu, nisameheni, huyu mtoto si mkorofi. Ni vile tu hasikii. Mimi nitaenda naye, nitampa kazi ya mbuzi."

"Mwaitu," Syombua akamwambia, akimwita mama kwa Kikamba, "keti kwanza. Kuna kitu mtoto wako amesema."

"Amesema?"

Kimanzi alikuwa ameletwa, amekaa kwenye stuli karibu na dirisha, sanduku lake tayari miguuni. Tuliwasha televisheni. Alipojiona akageuza uso ukutani. Syombua alimsemea kwa Kikamba, kila ishara kwa neno lake, bila kuongeza. Mama alitazama mpaka ilipofika ile ishara ya kung'oa sikio. Hapo akainuka.

"Aiya! Lakini anajua! Anajua baba yake alikufa! Kaburi lile yeye ndiye hulipalilia. Miaka yote hii. Hakuna mtu humwambia, yeye mwenyewe huchukua jembe akalipalilia. Mimi nikiona vile nilikuwa nasema, asante Mungu, mtoto ameelewa."

"Bibi yake alizikwa wapi?" Syombua akauliza.

"Mama mkwe? Alihamia kwa binti yake kule Mwingi. Alifia huko, wakamzika huko." Akaweka mkono mdomoni. Ndipo alipoona, na mimi nikaona. Baba, kama mama alivyotueleza, alianguka akafa kazini Mombasa, akaletwa kuzikwa nyumbani. Walimpeleka mtoto kwa shangazi mwingine ili asiogope msiba. Aliporudi, bibi mgonjwa alikuwa ameondoka na kaburi lilikuwa moja. Kijana akahesabu kama mtu yeyote mwenye akili angehesabu. Kaburi ni la bibi. Baba amekataa kurudi.

Syombua aliinua mikono ili amweleze Kimanzi, kisha akaishusha. Mama alikuwa amemfikia tayari. Alipiga magoti mbele ya stuli, akamshika kidevu, akamgeuza amtazame. Akapitisha kidole kwenye nyusi yake mwenyewe. Akalaza shavu kwenye kiganja, akafumba macho, akaonyesha chini.

Kimanzi alitikisa kichwa. Akaigiza mkongojo, chini, bibi.

Mama akatikisa kichwa pia. Mkongojo, akaonyesha mbali, upande wa Mwingi. Nyusi, na akapiga sakafu kwa kiganja. Hapa. Kwetu. Huyu ndiye.

Walirudia hivyo, sijui mara ngapi. Niliona uso wa yule kijana ukipanga upya miaka yake yote. Mwishowe aliinua mkono taratibu, akagusa sikio, akaanza kulitupa, na macho yake yakiuliza. Mama aliudaka mkono ule hewani. Hakuuacha ufike. Akaurudisha, akaushika kwenye shingo yake mwenyewe, na kwa mkono wake mwingine akaonyesha mtu anayemwinua mtoto mdogo juu ya kichwa, juu kabisa, akimzungusha ili majirani wote wamwone.

Mimi nilitoka nje kukagua mbao ambazo hazikuhitaji kukaguliwa. Mkuu alikuwa anakuja na faili yake mkononi. Nilimwambia, "Bwana Mkuu, ngoja kidogo." Akachungulia dirishani. Alikuwa mtu mwangalifu, nimesema, lakini hakuwa mtu mbaya. Alitazama, akageuka, akarudi ofisini. Habari ya kumfukuza Kimanzi haikutajwa tena.

Ijumaa ya kwanza ya muhula uliofuata alikuwa karakanani mpaka jioni. Alifaulu mtihani wa ufundi pamoja na wale wa Emali, na leo ana karakana yake Zombe, na makanisa ya kule yanakalia mabenchi yake. Mama yake aliendelea kuja kila siku ya wazazi, na kila mara aliomba akae katika chumba cha televisheni na kanda za vijana. Alijifunza ishara nyingi kuliko wakaguzi wote wa elimu niliowahi kuwaona.

Namshukuru Syombua, aliyenikalisha kwenye benchi. Namshukuru Mbithi kwa dizeli yake, na makanga ambao hawakupoteza mkebe hata mara moja, ingawa mmoja alikiri kwamba aliufungua akitarajia mafuta. Namshukuru Mwende, ambaye aliuliza swali la kawaida kabisa kisha akangoja jibu.

Maana jibu lilimfikia. Ile kanda ya kwanza Kimanzi aliomba tusiitume, tukaheshimu ombi lake, iko kwa mama yake. Alirekodi nyingine. Alisimama mbele ya shuka jeusi, shati limenyooshwa, akatazama moja kwa moja kwenye kamera.

"Mwende, umeuliza kazi ya baba. Alikuwa anabeba mizigo bandarini. Alikufa. Nilikuwa sijui. Sasa najua."

Akangoja kidogo, kama vile kule Emali wanahitaji nafasi ya kusema pole. Kisha akainama, akaokota mguu wa kiti alioukata vibaya kwa makusudi, akauinua karibu na kamera, na kuwauliza wote kosa liko wapi.